Kikapu Alichokataa Rogathe

Ukipita Same ukasikia watu wanasema dada yangu Rogathe alisaidiwa na wafadhili kutoka Ulaya, wape pole. Nilikuwepo. Mimi Hezroni ndiye niliyekuwa magurudumu ya jambo lote, na bila mimi na lori la tajiri wangu wale akina mama wangekuwa hadi leo wanaandikiana barua. Kuandika nako najua, msinione dereva. Darasa la nne niliondoka kwa hiari yangu, wala sikufukuzwa kama mke wangu anavyowaambia watoto.

Lakini leo sijisifu mimi. Nitajisifu kidogo tu, pale inapobidi. Nimeendesha gari miaka thelathini. Nimeona mafuriko yakiondoka na daraja, nimeona tembo wa Mkomazi ameegemea gari la bwana mifugo kama mtu anayesubiri chai. Lakini jambo lililonifunga mdomo mimi, mdomo huu unaojulikana kuanzia Hedaru hadi Mwanga, ni lile la wanawake ishirini na wawili wa bweni moja.

Rogathe ni mkubwa wangu kwa miaka mitano. Mwaka wa sitini, misheni ilipofungua shule ya wasichana kule juu Ugweno, baba alimsindikiza kwa miguu siku mbili, Rogathe amebeba sanduku la bati kichwani, baba amebeba fimbo. Wasichana wa kwanza walikuwa ishirini na wawili, wakawekwa katika bweni refu lenye paa la bati na baridi ya bure. Wengine walikuwa Wagweno wa palepale, wengine Wapare wa kusini kama sisi, na wengine watoto wa vibarua wa mkonge, ambao baba zao walitoka Songea na Kigoma kuja kukata katani huko tambarare. Mmoja wa hao alikuwa Faustina, Mngoni.

Faustina hakuwa na wa kumtembelea. Jumapili wenzake wanaletewa sabuni, sukari na karanga, yeye analetewa upepo. Siku moja Rogathe, ambaye alikuwa kiranja, akamkuta anafua kwa majani kando ya mfereji, peke yake, amewapa watu mgongo. Hakumwambia kitu. Kesho yake nyuma ya mlango wa bweni kukawa na kikapu kikubwa cha ukindu, na kiranja akatangaza sheria. Aliyeletewa chochote atumbukize kidogo wakati hakuna anayemtazama. Aliyepungukiwa achukue wakati hakuna anayemtazama. Atakayeuliza nani katoa au nani kachukua, ataosha masufuria ya bweni zima hadi likizo. Na kushukuru ni marufuku, maana utamshukuru nani nawe humjui?

Msichana wa miaka kumi na mitano hiyo! Mimi katika umri huo nilikuwa naiba miwa ya mchungaji.

Shule waliimaliza, kikapu hawakukimaliza. Evaline akawa muuguzi hospitali ya Gonja. Doris akaolewa Kileo, akalima mahindi na maharage mpaka mikono ikawa kama magome. Faustina akarudi kwao kwenye mkonge, akasimamia jiko la vibarua. Wengine wakatawanyika milimani na mabondeni. Wakajiita Dada wa Bweni, na Rogathe wakaendelea kumwita Kiranja, hata alipoanza kuota mvi. Kikapu nacho kikapanda gari. Mwezi huu kipo Gonja, mwezi ujao Kileo, kisha mkonge, kisha juu Shighatini, na kila kinapofika mtu anatoa au anachukua, anakifunika kwa kitambaa, anakipeleka mbele. Na mbebaji alikuwa nani? Mimi.

Sheria haikusema lolote kuhusu dereva kuchungulia, kwa hiyo nilichungulia.

Jamani. Ile miaka baada ya vita, maduka yalipobaki na rafu na wauzaji tu, watu wakapanga foleni bila kujua inauza nini, mimi nilikuwa najua nusu mche wa sabuni uko wapi katika wilaya nzima. Nimeona humo sukari ndani ya soksi. Nimeona betri mbili za redio zimefungwa kwenye karatasi ya Sunday school. Kulikuwa na gauni moja la harusi lililofunga ndoa tano, kila mara limepunguzwa au limeongezwa kiuno. Kulikuwa na viatu vya mtoto vilivyotembeza watoto wengi kuliko mkunga. Watu wanapenda kututania sisi Wapare kwamba mtu akiibiwa kuku anauza ng'ombe ili afungue kesi. Hao waje wachungulie kile kikapu.

Kitu kimoja nilikigundua kwa sababu ya huku kuchungulia kwangu. Rogathe hajawahi kuchukua. Kikapu kikifika kwake na vitu sita, kinatoka na saba. Mumewe alipofariki, akabaki na watoto watatu na cherehani ya miguu barazani, nyuma ya soko la Same, kikapu kilifika kimejaa mpaka kitambaa hakifuniki. Akaweka foronya mbili alizoshona mwenyewe, akaniambia, "Mpelekee Doris."

"Dada, chukua hata ule mchele."

"Wapo wenye shida zaidi."

"Wapi? Niambie nikawaone, nitalipa kiingilio."

Alinirushia kibweta cha vifungo. Siku hizo shabaha yake ilikuwa bado nzuri.

Mwaka wa themanini na nne nikafika kwake na kikapu na barua ya Evaline. Akasema, "Nisomee, mikono yangu ina mafuta ya cherehani."

Evaline anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Nikaanza kusoma, ya kweli kidogo na ya kwangu kidogo. "Anasema hajambo. Anasema mvua imenyesha. Anasema ndugu yako Hezroni akifika umpe chai na maandazi manne, na moja la njiani."

Akacheka. Lakini nilipomtazama akicheka, nikaona mikono yake ni misafi kama ya mchungaji. Na macho yake hayakunitazama mimi. Yalitazama mahali sauti yangu ilipokuwa.

"Dada, mikono haina mafuta."

Akaokota kipande cha kitambaa kilichokuwa mapajani, akakikunja na kukikunjua.

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Ni kama mtu amenishushia chandarua usoni, na kila mwezi anaongeza kingine. Uzi natia kwa ulimi. Rangi naomba wateja wanitajie, najifanya nawapima akili."

"Waambie wenzako. Evaline yuko hospitali kabisa!"

"Niwaambie nini? Kile kikapu nilikiweka mimi pale nyuma ya mlango. Sitakuwa mimi wa kukiingizia mkono." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na wakijua, nani ataniletea kitambaa? Cherehani hii ndiyo shamba langu, Hezroni, ndiyo ng'ombe, ndiyo mume. Siku itakayojulikana kwamba sioni, watoto wangu watakula nini?"

"Na siku utakapokuwa huoni kabisa?"

"Ukimwambia mtu yeyote, hutakula tena makande ya nyumba hii."

Makande ya Rogathe ni mengine. Basi nikanyamaza. Nasema ukweli hapa ingawa haunipendezi: dada yangu alikuwa anapofuka, nami nikanyamaza karibu mwaka mzima kwa ajili ya makande.

Ukaja mwaka wa themanini na tano, na bweni likatimiza miaka ishirini na mitano. Ikaandaliwa jubilei kule shuleni. Wakati huo serikali ilikuwa imeshafungua mlango kidogo: mwenye fedha yake ya nje alete bidhaa, asiulizwe sana kaipata wapi. Mfanyabiashara mmoja pale Same akaleta robota la vitenge. Watu walikwenda kulitazama tu kama maonyesho ya Sabasaba. Ni kwamba wanawake wetu hawakuwa wameona kitambaa kipya kwa miaka. Faustina aliniambia nguo yake ya kanisani ilikuwa na viraka hadi hajui tena ipi ndiyo nguo.

Dada wa Bweni wakauza mbuzi, tangawizi, maharage, mmoja akauza hata baiskeli ya mumewe na mume akaambiwa baadaye. Wakanunua vitenge vya sare, vya buluu, vyenye tausi wa rangi ya dhahabu wamesimama, mkia umeteremka hadi chini. Na nani atashona? Kiranja, nani mwingine! Vipimo vyao vyote alivijua kichwani.

Rogathe angeweza kukataa, kwa kisingizio chochote. Hakukataa. Akavitandika mezani vimepangana vinne vinne, kama mafundi wazoefu wanavyofanya, maana mkasi mmoja ukipita umekata gauni nne kwa mara moja. Ni njia nzuri ya kuokoa muda. Ila ukikosea ya juu, umezikosea zote.

Nikapewa furushi nisambaze. Barabara ya kwenda Gonja inapita chini ya milima, ni ndefu na ina vumbi, na mimi ni mimi, nikasimamisha gari kijiji cha Kisiwani nikafungua nione. Nikakunjua gauni la kwanza. Nikaligeuza. Nikajigeuza mimi. Tausi wote walikuwa wananing'inia, miguu juu, vichwa chini, kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nikakunjua la pili, la tatu, la kumi. Zote! Mshono umenyooka, kola imekaa, mikono imelingana, na ndege wote wamepinduka.

Nilicheka mpaka nikaketi kwenye vumbi. Mungu anisamehe.

Nilipofika Gonja nikamwita Evaline nje ya wodi. "Dada Evaline, njoo uone sare yenu. Mnakwenda jubilei mmevaa nyama choma."

Evaline alikunjua gauni lake. Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kama anayepima mapigo ya moyo. Kisha akaniangalia.

"Hezroni, Kiranja haoni."

"Mimi sijui kitu."

"Hezroni."

"Nimesema sijui. Nilikatazwa kujua."

"Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Evaline akashika kiuno, akatazama milima. Nilingoja anitukane, na nilistahili. Akasema, "Ni mtoto wa jicho, bila shaka. Kuna daktari wa macho huko Moshi anayeutoa ugonjwa huo. Nitamwandikia leo." Akalikunja gauni lake vizuri, akalikumbatia. "Haya, endelea na safari. Kila mtu umpe gauni lake na umwambie maneno haya tu: Evaline kasema tuvae."

"Mvae hivihivi? Wape hata nafasi ya kulia kwanza. Wameuza mbuzi!"

"Evaline kasema tuvae. Na ukimchekea Kiranja, sindano zangu ni butu na ninajua utakapougua."

Nikazunguka siku tatu. Kila mahali ilikuwa hivyohivyo. Mama anafungua kwa pupa, anashangilia rangi, kisha uso unaganda. Anageuza. Ananitazama. Nasema, "Evaline kasema mvae." Analikunja taratibu, kisha anasema, "Sawa." Doris peke yake ndiye aliyefuta machozi. Aliniuliza, "Mbaya sana?" Nikajua haulizi gauni. Nikasema, "Mbaya." Akasema, "Sawa."

Siku ya jubilei mlima wote ulijaa. Wazee, wanakwaya, wanafunzi wa sasa na sketi zao, watu kutoka Usangi hadi Kileo. Nikajipanga mahali pazuri, maana nilitegemea kuona vituko. Niliwaza: angalau nusu yao watajifunga kanga juu, waseme ni baridi.

Wakatokea bwenini kwa mistari miwili, wanaimba, Rogathe mbele ameshikwa mkono na Doris kama kwa upendo tu. Hakuna aliyejifunga kanga. Hakuna aliyeshika kitabu cha nyimbo kifuani kuficha kitu. Vifua mbele, shingo juu, gauni mpya za kwanza baada ya miaka mingapi, na tausi mia kadhaa vichwa chini, wanawaka juani.

Watu wakaanza kunong'ona. Kisha Mzee Gideoni, mzee wa kanisa mwenye sauti kama ng'oma iliyolegea, akashindwa kujizuia. "Mbona hao ndege wenu wamelewa?"

Kicheko kikapita katika umati. Faustina akageuza kichwa bila kuacha kutembea. "Wameinama kusali, Mzee Gideoni. Wewe mbona umesimama?"

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka Gideoni. Rogathe, ambaye kwa kelele za wimbo alisikia kicheko tu, akamwuliza Doris, "Wanacheka nini?"

"Wanamcheka Faustina. Ameazima viatu, anatembea kama mbuni."

Na hapo nikaona kitu ambacho nikikisimulia watu wanasema nazidisha chumvi, na kawaida wanakuwa sahihi. Faustina, wa tatu nyuma yao, alisikia ule uongo. Papo hapo akaanza kuchechemea. Akachechemea njia nzima hadi madhabahuni, na akachechemea siku nzima, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, hata alipokwenda kuchukua chakula, ili tu Rogathe akimwuliza mtu yeyote apate jibu lilelile. Na wale wengine, kila mmoja kwa wakati wake, walipita kwa Rogathe kumwambia mshono umewakaa. Hawakudanganya. Ulikuwa umewakaa.

Nilitafuta utani wa kusema, sikuupata. Nikala pilau kimya. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Wiki mbili baadaye Evaline akapata tarehe ya daktari. Siku zile mgonjwa alikwenda hospitali na kila kitu isipokuwa daktari, yaani mashuka, sabuni, pamba, chakula na mtu wa kukipika. Kikapu kikatoka Gonja kimejaa, na barua ndani. Nikamsomea Rogathe barua bila kuongeza andazi hata moja. Akajua nimetoboa siri kwa Evaline, akasema makande niyaage. Akaingiza mkono, akapapasa mashuka, akatoa mkono.

"Mpelekee Doris."

"Barua imekutaja wewe kwa jina."

"Kikapu hakitaji majina. Mpelekee Doris."

Nikaenda Kileo. Doris akanitazama, akatazama kikapu, akaongeza gunia dogo la maharage na jogoo hai, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Rogathe akaongeza mito miwili ya kushona, akasema, "Mpelekee Faustina." Faustina akaongeza sufuria na mchele wa jiko zima, akasema, "Rudisha." Mimi na jogoo yule tulizoeana, nikawa namweka kiti cha mbele. Dizeli haipatikani, tajiri wangu anauliza mbona lori linakwenda Kileo kila siku tatu kama linachumbia, na kikapu kimekuwa vikapu vitatu na gunia. Tarehe ya daktari inakaribia. Evaline alikuwa ameandika waziwazi: akiikosa hii, zamu nyingine ni mwaka ujao, na jicho moja huenda lisingojee.

Zimebaki siku mbili. Asubuhi, saa ya watu kufungua maduka, soko la Same likasikia baragumu.

Kwa asiyekuwa wa kwetu: Mpare akisikia baragumu la msaragambo, anaacha alichoshika. Ni kazi ya wote, kusafisha mfereji, kutengeneza barabara, na hakuna mtu anayeambiwa hapana wala anayesema hapana. Lakini hilo ni jambo la milimani. Katikati ya mji, nyuma ya soko, lini? Wauza nyanya wakasimama. Dada wa Bweni walikuwa wanashuka kwenye lori langu, nguo za kazi, viuno vimefungwa, ishirini na mmoja kamili, na Doris ndiye mwenye pembe, mashavu yamejaa.

Rogathe akatoka barazani, mkono mmoja ukutani. "Nani anapuliza hilo dude mjini?"

"Msaragambo, Kiranja," akasema Evaline.

"Wa mfereji upi?"

"Wa macho yako."

Rogathe akasimama wima, kama alivyosimama bwenini miaka ile, nadhani. "Macho yangu si mfereji. Msaragambo ni wa kitu cha wote."

"Na wewe ni wa nani?" akauliza Faustina. "Mimi baba yangu Mngoni, msaragambo umenifundisha wewe. Leo unataka kunifundisha kwamba una mipaka?"

"Faustina, usinijaribu."

"Miaka ishirini na mitano umetupa, na siku moja hujatuacha tukupe. Huo ni wema gani? Unajua inavyokuwa, kula kwa mtu ambaye hali kwako?"

Rogathe hakusogea. "Sijawahi kuchukua. Sitaanza leo. Rudini makwenu, nitawapikia chai kwanza."

Evaline akainamisha kichwa. Nikaona wanashindwa. Wanawake ishirini na mmoja, na pembe, wanashindwa na mjane mmoja asiyeona. Nikafikiri juu ya watoto wake watatu, nikafikiri juu ya kile chandarua kinachoongezwa kila mwezi, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukafunguka.

"Dada, umeshachukua. Wale tausi uliwakata vichwa chini."

Evaline akanipiga kofi la mgongo, la kiuguzi. Halikusaidia, maneno yalikuwa yameshatoka.

"Tausi gani?"

"Wa jubilei."

"Wa gauni la nani?"

"La kila mtu. Lako pia. Mzee Gideoni alikuwa anawacheka hao ndege. Faustina hakuwa na viatu vya kuazima. Faustina alichechemea kwa ajili yako mpaka saa kumi na moja jioni."

Rogathe akashuka taratibu mpaka akakaa kwenye kizingiti. Mikono yake ilikuwa inakunja hewa, kama inatafuta kitambaa.

"Mliwaona kabla?"

Faustina akainama akatazama miguu yake.

"Mlijua, mkavaa? Mbele ya mlima wote?"

Doris akasema, kwa upole kabisa, "Kiranja, anayeuliza anaosha masufuria."

Hapo ndipo Rogathe alipolia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe. Alilia bila kujifunika, na wao walisimama palepale wakimngoja, hakuna aliyemkimbilia kumbembeleza, maana walimjua. Alipomaliza akajifuta kwa kiganja.

"Basi nimechukua," akasema. "Nimechukua kikubwa kuliko vyote, na sikujua." Akanyoosha mkono mbele, wazi, kuelekea sauti zao. "Nani ana hayo mashuka?"

Tulikwenda Moshi na lori zima. Tajiri wangu nilimwambia ni mzigo wa viazi. Walipangana zamu nje ya wodi: wawili wanapika, wawili wanafua, wawili wanakaa naye, wengine wanarudi makwao na wengine wanakuja. Yule jogoo aliliwa siku ya pili, na mimi sikula, sijui kwa nini. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji kwanza, likafungwa bandeji siku kadhaa. Daktari alisema alishangaa kuukuta ugonjwa wa wazee kwa mtu wa miaka arobaini, na hakuahidi kitu.

Asubuhi ya kufunguliwa waliruhusu wanne waingie, wakaingia saba, na mimi mlangoni kofia mkononi. Daktari akatoa bandeji, akamvalisha miwani ya kuazima ya wodini, minene kama kitako cha chupa ya soda. Macho ya dada yangu yakawa makubwa kama ya bundi. Nilikuwa na utani mzuri kabisa tayari ulimini.

Rogathe akageuka polepole. Akamtazama Evaline, akanyoosha mkono akagusa mvi zake moja moja, kana kwamba kila moja ilikuwa na jina. Akamtazama Doris, na ile mikono yake ya Kileo, akaipindua viganja juu. Mimi utani ulinikauka, na sijaupata tena hadi leo.

Kisha akafika kwa Faustina. Faustina alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele katika ile miaka mitatu, na hakuna aliyekuwa amemwambia Rogathe, kwa kuwa hakuna aliyeona haja. Kwa aibu akafunika mdomo kwa kiganja. Rogathe akakishika kile kiganja, akakiteremsha, akaendelea kumtazama.